Kionjo cha Kithimani

Jumamosi nilikuwa Kithimani, pale madereva husimama kula nyama choma, nikingoja mbuzi yangu iive, gari dogo likasimama kando ya malori. Msafiri akashuka, mkewe akabaki ndani. Jamaa akaenda moja kwa moja hadi kwenye jiko, akanyofoa kipande cha nyama, akachovya chumvi, akatafuna. Alidhani ni kionjo, kile kipande cha bure wanachopewa wateja.

Mchomaji akaacha kugeuza nyama. "Boss, hiyo iko na mwenyewe."

Mwenyewe, dereva wa lori mwenye mabega kama mlango, akainuka. Akachukua kisu mezani.

"Pole, mzee," msafiri akasema. "Nitalipa."

"Nani amesema ulipe?" Dereva akakata ubavu mzima, akaelekeza kisu kwenye gari. "Yule ni nani?"

"Bibi yangu."

"Na yeye ameshiba?"

Jamaa akaupeleka ubavu dirishani. Mama akautazama mdomo wa mumewe uliong'aa mafuta. "Kumbe wewe umeshakula?"

Kila likizo wasomaji huniuliza wasimame wapi wale vizuri njiani. Simameni Kithimani. Lakini mshuke wote.