Betri ya Lori la Kijiji

Mjukuu wangu wa kike ana gari lake mwenyewe, na sioni aibu kulitaja, maana mama yake nilimlea kwa jembe. Umeme ukikatika hapa Lusahunga, anafungua boneti, anabana waya mbili kwenye betri, anaziunga na kisanduku anachokiita inveta, na televisheni inawaka sebuleni. Majirani wanakaa wanatafuna karanga. "Bibi, geuka, habari imeanza," ananiambia. Mimi nimeelekea ukutani. Wanadhani macho yananiuma.

Wakati wa vita vya Kagera tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama maharage, migomba yetu tumeiacha kule kilimani inaliwa na ngedere. Mwanangu wa kwanza alichukuliwa kwenda vitani pamoja na mgambo wenzake. Alipanda lori anacheka, kavaa shati la baba yake. Tangu hapo kimya.

Kisha dereva wa lori la kijiji, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani kuja kufanya biashara Biharamulo, akarudi kutoka Nyakanazi alikokwenda kutafuta matairi. Alikuwa ameonana na askari waliokuwa wakipita.

"Shikamoo mama. Kijana wako mzima. Amerekodiwa kwenye salamu za wapiganaji. Wiki ijayo, Jumamosi alasiri, utamsikia redioni, sauti yake mwenyewe."

Redio tulikuwa nayo. Mawe ya redio, zile betri ndogo, ndiyo hayakuwepo. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na buibui. Matairi dereva hakupata, lori limelala tu, kwa hiyo akang'oa betri yake, akachokonoa kwa bisibisi lami iliyoifunika juu, akaunga waya mahali alipopajua yeye. Redio ikaongea. Kijiji kizima kikajaa uani kwangu. Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, akasema, "Leo mwenyekiti wa kijiji ni wewe. Sisi wengine tuje kwa magoti."

"Kaa chini, unanizibia," nikamwambia. Nilikuwa na kiburi siku zile, na kilinistahili.

Tukasikiliza kila siku kama wajinga, asubuhi mpaka jioni, tunazoesha masikio. Kabla Jumamosi haijafika, sauti ikaanza kufifia. Na dereva alikuwa ameshachukuliwa kuendesha magari ya jeshi. Hakuna wa kumuuliza. Mume wangu akafanya tulichokuwa tunafanya wote mawe ya redio yakichoka: tunayaanika juani, yanapata moto, yanaongea tena kidogo. Ijumaa akaibeba ile betri kama mtoto mchanga, akailaza ubavu kwenye mkeka wa maharage, akafungua vifuniko vyake ili jua liingie ndani.

Mimi nilikuwa shamba la kijiji. Niliporudi, maji yake makali yalikuwa yamemwagika yote. Mkeka umetoboka, maharage yameharibika, miguu ya mume wangu imebabuka. Amesimama tu, hata kuinawisha hajainawisha.

"Nilitaka ipate joto," akasema.

Nikamletea maji ya kunawa. Hatukugombana. Laiti tungegombana, pengine kitu kingetoka kifuani. Nyakanazi ni mbali kwa miguu, na jirani wa karibu mwenye mawe ya redio hakuwepo.

Jumamosi alasiri tukaunga waya hivyo hivyo. Hata mkwaruzo haukusikika. Yule jirani yangu mwenye mdomo alikaa kando yangu mpaka jua likapungua.

Vita vikaisha, waliokwenda na mwanangu wakashuka kwenye malori. Halafu katibu wa kijiji akaja na wazee, kofia mikononi. Nikajua kabla hawajakaa.

Baadaye nikasikia kwamba muuza chai mmoja Nyakanazi alikuwa na redio siku ile, aliazimwa umeme wa betri na dereva wa lori lililokuwa likipita. Nikaenda.

"Nilimsikia, mama. Kijana wa Lusahunga. Sauti nzito."

"Alisema nini?"

"Alikusalimia."

"Kwa maneno gani?"

Akajikuna kichwa. "Malori yalikuwa yananguruma, na mimi nageuza maandazi."

Nikaenda tena. Nikaenda tena. Mara ya mwisho akanionea huruma, akaanza kutunga. Eti alisema, "Mama yangu mpenzi, usiwe na wasiwasi, ushindi ni wetu." Mwanangu hakuwahi kuniita mpenzi. Angeuliza kwanza kama ng'ombe wetu mwekundu amezaa, maana alimwacha na mimba na alikuwa akilala karibu naye kuliko karibu nasi.

Nikamshukuru yule mtu, nikamaliza chai yake, sikurudi tena.

Ng'ombe alikuwa amezaa. Ndama jike, mwekundu kama mama yake.