Titi la Mwisho Baada ya Kufunika Makaa

Sisi tuliokulia katika nyumba za reli, hapa Kamina, tulijua siku imekwisha Mama alipofunika kwa majivu makaa ya mbabula, jiko letu la bati. Kabla ya hapo tulikuwa tumeruka kamba hadi vumbi jekundu likatuingia masikioni, tumegombana, tumepatana, tumeoga kwenye beseni moja, maji yakizidi kuwa mekundu kutoka mtoto wa kwanza hadi wa nne. Bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo tulikula sahani moja, na aliyechelewa kunawa mikono alikuta mchuzi tu. Baba alirudi kazini akinuka grisi, akavua viatu mlangoni, kisha akaisoma kwa mara nyingine karatasi aliyoibandika ukutani: ratiba ya treni. Aliisoma kama wengine wanavyosoma zaburi.

Halafu ilifika zamu ya Ilunga, kitinda mimba wetu. Alikuwa ameshanyonya jua lilipozama, na sasa amelala mkekani. Lakini Mama, vyombo vikishaoshwa na makaa yakishafunikwa, alimwinua taratibu na kumnyonyesha tena, taa imeshushwa, mtoto mwenyewe amefumba macho. Hapo hakuna aliyeruhusiwa kucheka wala kuburuta kiti. Tulimwuliza kwa nini anamsumbua mtoto aliyelala, naye alijibu kwa sauti ya chini, jibu lile lile kila jioni: "Muache ajaze mafuta. Safari iko mbali."

Sisi watoto wa reli tulielewa mara moja. Tulikuwa tumeziona treni zikijaza mafuta kabla ya kuondoka. Ilunga alijaza, akalala mpaka jogoo.

Nakiri kwamba nililisahau jambo hilo kabisa.

Mwanangu Ngoie alipozaliwa, nilifanya kama vijana wote wa siku hizi: niliuliza simu. Mimi ni mtu wa kujifundisha mwenyewe. Ushonaji niliupata kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, hadi mshono ukanyooka kama reli. Nikadhani na mtoto ni hivyo hivyo. Nikaandika ratiba kwa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, nikaibandika ukutani. Titi la mwisho: saa kumi na mbili jioni. Akililia titi baadaye, nilimbembeleza, nikamwimbia, nikatazama saa. Usiku aliamka mara tano, nikamnyonyesha kila mara, na kila mara nikaweka msalaba mwekundu kwenye karatasi, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto wake mwenyewe. Kwa kweli niliyekuwa nikimpa sufuri ni mimi.

Ubaya ni kwamba Ngoie alipofika miezi mitano, kwaya ya parokia yetu iliniagiza kanzu kumi na nane za Pasaka. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza. Nikiifanya vizuri, mimi ni fundi. Nikiiharibu, mimi ni msichana mwenye cherehani. Nami nilikuwa nasinzia juu ya kitambaa. Siku moja nilizinduka nikakuta nimeishona shingo ya kanzu ikafungika yote. Mwimbaji angeimbia humo kama kuku ndani ya gunia. Nilifumua huku nalia. Zilibaki wiki mbili, na kanzu zilizokamilika zilikuwa nne.

Ndipo Mama akafika kutoka Kaniama, anakolima mahindi na Baba tangu Baba alipostaafu reli. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko wa unga, akambeba mjukuu, akasimama mbele ya ukuta wangu.

"Hii njo nini?"

"Njo orere ya mutoto, Mama. Saa ya kunyonya."

Akaigonga kwa kidole. "Karatasi njo inanyonya, ao mutoto?"

Mume wangu Banza akaangua kicheko. Nilimkazia macho.

"Mama, minyi nilisoma muzuri. Inaomba kufuata saa."

"Weye! Papa yako alikuwa na orere ku ukuta miaka yote. Train ilifuataka siku gani?"

Utoto wangu wote treni ilifika ilipofika, na Baba alibaki na karatasi yake safi. Nilikuwa nimerithi karatasi, nikaacha mafuta.

Jioni ile Mama hakunifundisha kitu kipya. Alinyoosha tu kidole. Jua linazama, mtoto anataka: mpe. Amelia tena baada ya chakula: mpe tena. Kisha nikafunika makaa, nikashusha taa, nikamwinua Ngoie akiwa usingizini, naye akanyonya bila kufumbua macho. Banza alitaka kukaa. "Usikokote kiti!" Mama akamnong'oneza, na ghafla nilikuwa na miaka saba.

Usiku huo Ngoie aliamka mara mbili. Uliofuata, mara moja. Wa nne hakuamka hadi jogoo alipowika, ila mimi niliamka mara sita kumwekea mkono kifuani nione kama anapumua. Mtoto alikuwa amepona. Mgonjwa nilikuwa mimi. Bado kuna siku Ngoie huamka, na sasa siweki msalaba.

Siku ya Pasaka kanzu kumi na nane ziliingia kanisani kwa mstari mmoja, nyeupe, mabega yamekaa sawa, shingo zote ziko wazi. Mama alinipiga kiwiko. "Fundi," akasema, neno hilo tu, na niliwatazama waimbaji hadi machozi yakanizuia. Hakuna aliyejua kwamba kola zote zilikatwa kwa patroni moja, kiolezo nilichokichora nyuma ya ile ratiba.

Siku hizi nyumba yetu ya zamani inakaliwa na watu wengine, na sauti ya treni tunaisikia kwa nadra. Enzi zile tulikuwa watoto watatu tulionyamaza gizani tukimtazama Mama na Ilunga. Leo ni mimi na Banza tu, na simu niliyoilaza kifudifudi mezani. Jana Banza hatimaye aliniuliza kwa nini namwinua mtoto aliyelala vizuri hivyo.

Nilishusha taa. "Muache ajaze mafuta," nikamwambia. "Safari iko mbali."