Sini ya Thelathini

Nafisa Aruna ni mtu wa kiburi, na mimi ninayefanya naye kazi namsifu kwa hilo. Baba yake ni fundi cherehani, mtu wa asili ya Maniema. Nyumbani kwao, mtaa wa Makomeno, hakuna anayekata kitambaa kabla ya kumuuliza mwenye nguo. Yeye Nafisa hutengeneza programu ya hesabu kwa wanafunzi wa sekondari, katika ofisi yetu mjini Lubumbashi.

Tulipoipeleka programu darasani ijaribiwe, msichana mmoja, Exaucée, aliandika kwenye karatasi yake kwamba sini ya thelathini ni nusu. Alipata, maana katika shule za kwetu pembe hupimwa kwa digrii. Kisha akaiuliza kompyuta, ikampa namba ya ajabu iliyo chini ya sifuri. Ilikuwa imehesabu kwa radiani, kipimo ambacho darasa lao halijakifikia. Mtoto hakubishana. Alifuta nusu yake, akanakili jibu la mashine.

Nafisa alirudi amefura. Akaibadilisha programu: ukiandika namba tupu, inakuuliza kwanza, digrii au radiani. Sylvain, mkuu wetu, hakupenda. Alisema programu za mainjinia haziulizi-ulizi, na wakuu wa shule wanaokuja kuinunua wataiona ya kitoto. Nikachomekea kwamba kuuliza si ujinga, nikatazamwa kwa jicho baya.

Asubuhi ya kuwaonyesha wakuu hao programu, Sylvain alimwamuru Nafisa airudishe ilivyokuwa, la sivyo afungashe vitu vyake.

“Mi sirudishe, Shefu,” alisema Nafisa. “Ule mutoto alikuwa na jibu ya kweli mu kichwa. Shiye njo tulimunyanganya,” yaani sisi ndio tuliompokonya.

Sylvain akavuta kiti, akaliondoa swali kwa mkono wake mwenyewe. Nilitamani kumzaba kofi. Nafisa alifungasha vitu vyake kweli, lakini hakuondoka. Wageni walipoingia alisimama mbele yao na mfuko begani, akawaomba waandike sini ya thelathini.

Mama Lydie, mkuu wa shule aliyefundisha hesabu tangu ujana wake, aliandika. Akalitazama jibu kwa muda. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

“Pengine nimesahau,” alisema kwa sauti ya chini.

“Hapana, mama,” Nafisa akamjibu, huku akimkazia macho Sylvain. “Haukusahau kitu. Mashini njo ilikatala kukuuliza.”