Magogo Niliyoyagonga Mimi

Baba yangu alikuwa bwana misitu, na katika kijiji chetu cha upande wa Geita hakuna mwanamume aliyechekwa kama yeye. Alikuwa akirudi porini anaegesha baiskeli, anauliza kama sote tumekula, halafu anachukua ndoo kwenda kisimani kwa sababu mama alisumbuliwa na mgongo. Wanaume wenzake walimwambia mke amemkalia kichwani. Yeye alicheka nao, akaenda zake na ndoo. Aliyeona aibu ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hata leo sitaki kuyataja, na nilitamani baba wa kuogopwa.

Kitu pekee cha kuogopwa alichokuwa nacho ni nyundo. Ilikuwa nyundo ya serikali, usoni ina herufi na namba yake ya kazi, na kila gogo lililokatwa kwa kibali lilipigwa kwa nyundo hiyo ncha zote mbili. Gogo lisilo na alama lilihesabiwa la wizi, popote litakapokutwa. Baba alipiga mara moja tu kila upande, na alama ikakaa wazi kama muhuri wa posta. Akimaliza aliifuta, akaifungia kwenye sanduku chini ya kitanda. Ufunguo aliuweka juu ya fremu ya mlango. Hakuwaza kwamba ndani ya nyumba yake kuna mtu wa kumficha ufunguo.

Machimbo yalikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na machimbo yanakula miti. Mashimo hujengwa kwa magogo ili kuta zisiwafukie watu. Wachimbaji huyaita matimba. Mfanyabiashara mmoja wa matimba alinizoea. Alinikaribisha mezani kwake, akaniazima pikipiki yake nitambe nayo, na mbele za watu akawa ananiita bosi. Nililipenda neno hilo kiasi kwamba nikilikumbuka sasa najidharau. Baba alipokwenda Shinyanga kwenye msiba wa ndugu yake, yule bwana aliniambia ana mzigo umekwama, kibali kiko njiani, bado kugongwa tu. Sikuuliza miti imetoka wapi. Nilijua. Ilitoka kwenye ngitili, eneo ambalo wazee wa kijiji walilitenga lipumzike, lisilishwe mifugo wala kukatwa, na baba alikaa nao vikao visivyohesabika mpaka wakakubali.

Niligonga magogo yale mchana kweupe, jasho linanitiririka, vibarua wa yule bwana wananisifu. Mkono wangu haukuwa na mazoea, kwa hiyo nilipiga mara mbili, mara tatu, namba juu ya namba. Nilirudisha nyundo sandukuni bila hata kuifuta.

Haikupita muda wazee waliona visiki, wakafuata alama za matairi ya lori mpaka machimboni, na huko wakakuta namba ya baba. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Gogo moja lililetwa likawekwa katikati ya watu. Baba aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya alama, taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya akina mama. Hakugeuka kunitafuta. Lakini mtu aliyeshika nyundo ile miaka yote hawezi kukosa kujua kwamba mapigo yale si yake. Siku zile alikuwa msibani na mama, na wadogo zangu walikuwa hawafiki juu ya mlango.

"Namba ni yangu," alisema.

Walimuuliza mengi, hakuongeza neno. Mzee mmoja, rafiki yake, ambaye alikuwa wa kwanza kutoa sehemu ya ardhi yake iingie kwenye ngitili, aliondoka mkutanoni bila kumuaga. Ofisi ilimnyang'anya baba nyundo, ikamhamishia Shinyanga kwenye bustani ya miche, na huko akamwagilia miche mpaka alipostaafu. Nyumbani hakunipiga wala kunihoji. Jioni ya siku ile ya mkutano aliuliza kama tumekula. Ningependa kuandika kwamba nilimwangukia miguuni. Nilikula, nikalala. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho hiyo nimeisogeza miaka zaidi ya ishirini, nikaoa, nikapata watoto, nikawa fundi bajaji pale Shinyanga mjini, na wanangu wakakua wakimpenda babu yao kuliko walivyonipenda mimi.

Mwaka jana, figo zilipomchosha, aliandika mwenyewe wasifu wake wa kusomwa siku ya mazishi. Alisema hataki watu wamtungie sifa. Aliniita kitandani akanipa karatasi mbili za daftari, zimeandikwa kwa mwandiko wake wa kiofisi: kuzaliwa, shule, ndoa, vituo vya kazi. Katikati ya ile ya pili palikuwa na maneno haya: "Nikiwa Geita, magogo ya ngitili yaligongwa kwa nyundo niliyokabidhiwa mimi. Nawaomba radhi wazee wale."

"Soma, ng'wanone," alisema, yaani mwanangu. Mambo mazito aliyasema kwa Kisukuma. "Siku hiyo utasoma wewe. Kama kuna pa kusahihisha, sahihisha nikiwa hai."

Akanipa na kalamu. Nilisoma mara mbili. Nilimwambia amekosea mwaka wa kustaafu. Nikaukata, nikaandika ulio sahihi, nikamrudishia. Alipatazama pale niliposahihisha, akageuza karatasi akatazama upande wa pili, akazikunja. Akanishukuru. Siku ya tisa akafariki.

Tulimzika kwao, upande wa Songwa. Wazee wa kule Geita walikuja na basi dogo la kukodi, jambo ambalo sikulitegemea, na yule rafiki yake wa zamani alikuwa miongoni mwao, anatembelea fimbo. Nilisimama kwenye kipaza sauti, nikasoma. Nilipofika kwenye maneno yale watu waliguna, na binti yangu mkubwa akainua uso akalitazama jeneza, amekunja uso, kama mtu aliyedanganywa. Ilihitajika sentensi moja tu kutoka kwangu. Sauti haikunitoka kusema hilo, ila ilinitoka vizuri kabisa kusoma idadi ya watoto na wajukuu.

Baada ya udongo, yule mzee alinijia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamlengalenga.

"Miaka yote hii nilikuwa nangoja baba yako akiri," alisema. "Leo nimemsamehe."

"Asante, mzee," nikamwambia. "Asante kwa kumsamehe."