Lori la Kijani la Wattie Geddes

Tarehe 3 Juni 1974 Wattie Geddes alikabidhiwa lori jipya la kubebea mapipa ya wiski ya kiwanda cha Glen Tarvie, na daftari la magari la kiwanda, ambalo bado lipo, linataja rangi yake: kijani. Aliliendesha miaka kumi na tisa kati ya mji wa Keith, Uskoti, na bandari ya Leith.

Leo ana miaka themanini na moja, na vigari vya mfano mia moja na arobaini, ambavyo Glen Tarvie huwauzia wakusanyaji, kila kimoja urefu wa kidole, kila kimoja ndani ya boksi lenye namba yake, lisilofunguliwa. Ukifungua boksi, thamani imekwisha. Kwa hiyo Wattie huvitazama kupitia kidirisha cha plastiki, kama ndugu anayemtazama mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Kipo kitramu, kigari cha abiria cha reli za barabarani, chenye nembo ya kiwanda, ingawa Keith haijapata kuwa na tramu. Lipo gari la zimamoto. Hakuna anayekumbuka Glen Tarvie ikizima moto wa mtu. Wattie anayajua haya, na amevinunua vyote.

Mwezi uliopita Pippa Lorimer, afisa masoko wa kiwanda, alimletea sampuli ya kigari kipya: lori la Wattie mwenyewe, namba za usajili zilezile, rangi nyekundu.

"Nyekundu inauzika, mzee wangu," alisema. "Wewe utie saini tu kwenye vyeti vya uhalisi vya kila boksi, kwamba hivi ndivyo lilivyokuwa. Boksi namba moja ni lako."

Wattie hajawahi kupata boksi namba moja. La karibu zaidi alilonalo ni namba mia nne na kumi na mbili.

"Lilikuwa na wekundu fulani," alisema, "jua likilipiga."

"Jua gani, la hapa Keith?" Netta, mkewe, aliuliza kutoka jikoni. "Lilikuwa kijani, bwana wewe. Nimelisugua Jumamosi ngapi? Na picha ile pale ukutani, umeliegemea."

"Picha huchuja rangi, Netta."

"Uliyechuja ni wewe."

Wattie alitia saini cheti cha kwanza palepale mezani. Pippa alipoondoka, Wattie aliitoa picha ukutani akaificha kabatini, nyuma ya kitramu.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ataketi katika duka la kiwanda kutia saini vyeti elfu mbili vilivyobaki, mbele ya wanunuzi. Netta ameshaipata picha na kuifuta vumbi. Ataketi kiti cha pembeni, ameipakata.