Mlimau Mmoja Kando ya Kisima

Jumapili ile, mwanangu, tulikuwa watu wanne mezani, na nitawataja wote, maana mwisho wa maneno haya nitawahitaji tena. Alikuwepo Maman Faida, mwenye nyumba, pale Jette, mtaa wa Brussels. Alikuwepo Papa Safari, mzee wa kwetu Uvira, Kongo, ambaye kabla ya kuja Ubelgiji alifanya kazi miaka mingi katika kitalu cha miche ya matunda. Alikuwepo Tonton Rajabu wa Bujumbura, aliyekuwa anasafiri kesho yake kurudi kwao. Wa nne nilikuwa mimi, na mbele yangu redio ya kaseti.

Katika miaka hiyo ya tisini barua zetu zilikuwa kaseti. Mtu akitaka kusafiri, tulikusanyika, kila mmoja akapewa zamu yake ya kusalimia, na huko nyumbani ndugu na majirani wakakaa chini kusikiliza. Hadi leo nikifumba macho nasikia ule mkwaruzo wa mwanzo, halafu Maman Faida akikohoa kidogo kabla ya kutaja jina lake, kana kwamba anaingia kanisani.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza, Yaya, yaani dada mkubwa. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawalea wadogo zangu, Neema na Bahati. Nilichosema ndicho kilichofanywa. Hata nilipofika Brussels na kupata kazi ya usafi katika hospitali moja kule Woluwe, niliendelea kuiongoza nyumba yetu kwa kaseti.

Baba alituachia milimau kumi na miwili ya kienyeji. Ina miiba mirefu, na matunda yake yana ngozi nene yenye vinundu, makali ya kukunja uso. Niliionea aibu. Sokoni Flagey nilikuwa naona machungwa makubwa yanayong'aa, nikajiambia kwamba haya ndiyo yatakayowainua ndugu zangu. Nilikula, nikakusanya mbegu, nikazianika juu ya chuma cha kupashia nyumba joto, kama mtu anayeanika maharage. Kisha nikazituma pamoja na amri: kateni milimau yote ya baba, pandeni hizi.

Papa Safari alijaribu kunieleza kosa langu siku ile ya kwanza, niliporekodi amri hiyo. Sikumpa nafasi. Nikaenda jikoni kutazama chai, na zamu yake ya kusalimia ilipofika, sikuwepo kusikia alichosema.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Bahati alikuwa anajisifu: kumi na mmoja tayari iko chini, shamba limelimwa, mbegu zimefukiwa. "Lakini Yaya, ule wa kando ya kisima Neema anakatala. Amekaa pale na panga yangu ameificha."

Hiyo ndiyo Jumapili ninayokueleza. Nilibonyeza kitufe, nikamgombeza Neema kwa maneno ambayo hayastahili kuandikwa. Nilimwita mkaidi. Nilimwambia kwamba baba angekuwa hai angemwonea haya. Watatu wale walikuwa wakinisikiliza, na nilijua kwamba huko Uvira watasikiliza wengi zaidi.

Papa Safari akanyoosha mkono, akasimamisha kaseti, akanigeukia.

"Maman, usimutukane ule mutoto. Ni miye njo nilimuambia aache muti moya."

"Wewe, Papa? Lini?"

"Kwa salutations zangu. Ulikuwa kwa jikoni." Hakupandisha sauti. "Bon, sikiliza. Ule mulimau wa kwenu umezoea udongo yenu, hata mvua ikichelewa haukauki. Ule njo muguu. Chungwa unaipandikiza juu yake. Donc ukikata miguu yote, chungwa itasimama juu ya nini?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya nyumba yetu.

"Sawa. Lakini rudisha nyuma, maman. Kaseti inafutika. Ikishafika Uvira, haifutike tena."

Maman Faida alijifanya anapanga vikombe. Tonton Rajabu akajaribu kutuchekesha: "Jamani, mimi nabeba kaseti, sibebi ugomvi. Kwenye forodha nikiulizwa kilichomo nitasema nini?" Hakuna aliyecheka. Niliitoa kaseti kama ilivyo, nikaitia kwenye bahasha, nikampa.

Mbegu zangu hazikuota hata moja. Baadaye Papa Safari aliniambia, bila kunicheka, kwamba mbegu ya chungwa ikikaushwa hivyo hufa. Haikai kama haragwe.

Nilimwendea kumwomba radhi, naye akaomba jambo moja tu: redio. Jumapili nyingi zilizofuata alikaa pale Jette akimfundisha Neema kwa kaseti. Alikata tawi la kichaka cha nje, akaliweka karibu na redio, ili mtoto asikie kisu kinavyopita polepole kwenye ganda. "Neema, unasikia? Usifike kwa mbao. Ganda tu. Sasa ingiza jicho ya chungwa, funga na kamba ya nailoni." Mimi nilishika tawi. Sijawahi kuwa na Jumapili tamu kama zile.

Kwa mbegu za mlimau ule mmoja, Neema aliotesha kitalu, kisha akapandikiza juu yake macho, yaani vichipukizi, ya mchungwa bora wa majirani. Watu wa bondeni wakaja kuchukua miche. Akina mama wakaanza kukamua malimau yale niliyoyaonea aibu na kuyatia chupani. Siku moja Tonton Rajabu, akiwa kwao Bujumbura, alimenya chungwa sokoni, na muuzaji akamwambia: "Hili ni la miche ya Neema, ng'ambo ya mpaka."

Mwanangu, ukiwa mkubwa wa nyumba, wadogo zako watakata mti kwa neno lako moja. Kwa hiyo uliza kwanza anayeujua mti. Usikitupe cha kwenu kabla hujajua kinabeba nini. Na ukiambiwa urudishe nyuma maneno yako ungali na muda, yarudishe, hata kama watu wanakutazama.

Mungu akupe mikono inayootesha, na ndugu anayeweza kukukatalia.

Neema nilimshukuru kwa simu, zamani. Alicheka, akasema: "Yaya, ulinigombeza mbele ya watu. Unishukuru mbele ya bantu walewale." Papa Safari tumeshamzika. Tonton Rajabu hajarudi huku. Amebaki Maman Faida, ambaye hasikii vizuri, na redio ile iko juu ya kabati langu. Kaseti ya matusi yangu Neema bado anayo. Ya shukrani sijamtumia.