Kumpeleka Zaituni Kwao

Nilikuwa sijamaliza hata mwaka kazini walipoanza kuniita mratibu. Jina lilikuwa kubwa kuliko mimi. Kazi yenyewe ilikuwa kugawa mablanketi, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na sabuni kwa watu waliokimbia vita vya Kagera, waliokuwa wakiishi kwenye mahema kusini ya mto Kagera, na kuwatafutia ndugu watoto waliobaki peke yao. Blanketi ukimpa mtu, anashukuru na mambo yanakwisha. Mtoto si blanketi, na chuoni hakuna aliyetuambia hivyo.

Zaituni alikuwa na umri wa kama miaka tisa. Baba yake, Salumu, alikuwa seremala, Mluguru wa Morogoro aliyekwenda kutafuta kazi huko ziwani akaoa Mhaya. Wazazi wote wawili waliuawa njiani wakati wanakimbia. Mjomba wake, yaani kaka wa mama yake, alikuwa kambini hapo hapo, mahema machache tu kutoka kwetu. Nilimfuata nikiwa na furaha, nikidhani kazi imekwisha.

"Huyu ni mtoto wa Salumu," aliniambia. "Nikimchukua nitakuwa nimemwiba. Mpelekeni kwao, kwa kina baba yake."

Sikuona la kubisha. Mimi ni Mkerewe, na kwetu pia mtoto ni wa baba. Wakubwa wangu wote ni watu wa kanda hiyo hiyo ya ziwa, nao wakaona ni sawa. Basi tukapewa hati ya kusafiria, blanketi jipya, mche wa sabuni na sukari kidogo ya kuwapelekea wenyeji, tukaondoka.

Kutoka Bukoba tulivuka kwa meli hadi Mwanza, na Mwanza tukapanda treni. Behewa la daraja la tatu lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mizigo yao. Zaituni alipata nafasi dirishani, akaanza kusema. Kambini alikuwa mtoto wa kujibu ndiyo na hapana. Kumbe alikuwa anatunza maneno. Alinieleza jinsi baba yake alivyokuwa akimsimulia mlima wenye migomba hadi mawinguni, na mto unaopita nyuma ya nyumba ya bibi. Alijaribu kunifundisha Kiluguru, maana baba yake alikuwa akisema naye lugha hiyo kila jioni akirudi kazini. Ulimi wangu ulikuwa mzito, akanicheka hadi abiria wakageuka.

Tulipofika Tabora alipanda mama mmoja na kapu la karanga. Akamtazama mtoto, akamuuliza, "Binti, kwenu wapi?"

"Morogoro," alijibu Zaituni kwa sauti ya kusikika behewa zima. "Kwa kina baba."

Morogoro tulifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima nusu. Zaituni alisimama stesheni akautazama huku ameshika blanketi lake kifuani, wala hakutaka tuondoke. Tulilala mtaa wa Mwembesongo, kwa shangazi wa rafiki yangu wa chuo, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Songea. Sokoni watu walikuwa kwenye foleni ya sabuni, nasi tulikuwa na mche mzima kwenye mfuko. Yule shangazi aliuangalia mche wetu, nami nikaona aibu, nikaufunika kwa kanga.

Siku iliyofuata tulipata lori lililokuwa linarudi Mkuyuni kuchukua ndizi. Tulipita Kiroka, barabara ikawa mawe matupu, na dereva akawa anamwita Zaituni "mwenyeji" kila tukiruka shimo. "Mwenyeji, huku kwenu mbona kubaya hivi?" Mtoto alicheka na kuficha uso. Naukumbuka utani huo kwa sababu ndio uliokuwa wa mwisho.

Mkuyuni tulishuka, tukaanza kupanda kwa miguu kuelekea Kinole na kuipita. Njia inakwenda kama ngazi ya udongo mwekundu, huku na huku migomba, mifenesi, na pilipili manga imejiviringisha kwenye miti. Wanawake waliokuwa wanashuka na mikungu kichwani walitusalimu na kutuuliza tunakwenda kwa nani. Nikiwaambia kwa Bi. Zena, mama yake Salumu, walisema poleni. Nikajua habari za kifo zimeshafika, na nikashukuru kwamba si mimi wa kuzileta.

Mchana tuliingia kwenye kiwanja cha nyumba ndogo ya udongo, na kweli mto ulikuwa unasikika nyuma yake. Bi. Zena alitoka jikoni akipangusa mikono. Alikuwa mwembamba, mgongo umeanza kupinda. Zaituni hakusubiri kutambulishwa. Alipiga goti na kumwamkia kwa Kiluguru, maneno aliyoyarudia njia nzima, kwa sauti ndogo sana hata mimi sikuyasikia vizuri. Bibi alikaa chini pale pale penye vumbi, akamvuta mtoto mapajani, akalia. Majirani wakaja, kilio kikawa cha wote. Mimi nami nililia. Nilikuwa nimeona watu wengi kambini bila kulia, sijui kwa nini huko ndiko machozi yalikonitoka.

Kilio kilipotulia alikuja kaka yake Bi. Zena, Mzee Kibwana, ambaye alikuwa mjomba wake Salumu na msemaji wa ukoo. Alikuwa na mwanzi mkononi aliokuwa anapasua kwa ajili ya tenga, na hakuuweka chini muda wote tuliozungumza. Pamoja naye alikuja balozi wa nyumba kumi, mtu mnene mchangamfu.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Nimewaletea mtoto wenu."

"Marahaba, mwanangu. Tunashukuru Mungu mgeni wetu amefika salama."

Nilidhani mgeni ni mimi. Tulikula, nikatoa sukari na sabuni, na bado kila aliyemtaja Zaituni alisema mgeni. Ndipo Mzee Kibwana akaniuliza taratibu, "Mama yake ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia mama alikuwa Mhaya wa Bukoba.

"Hana ndugu wa kiume, huyo mama?"

"Anaye. Ndiye aliyesema tumlete kwenu."

Mzee alitikisa kichwa. "Huyo ndiye baba wa mtoto huyu. Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo, na mwenye mtoto ni mjomba. Salumu alikuwa wetu kwa sababu ametoka tumboni mwa dada yangu. Mtoto aliyemzaa yeye ni wa ukoo wa mke wake. Hatumkatai, mwanangu. Hatunaye."

Nilieleza habari ya mjomba wa kambini, nikaeleza kwetu ziwani mambo yalivyo. Wakanisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu anayeeleza kwamba kwao watu hulala mchana. Balozi akaona aingilie.

"Mzee, hizo ni mila," alisema. "Siku hizi ardhi ni ya taifa, na mtoto ni wa kijiji. Chama kimesema sote ni ndugu."

"Vizuri," alijibu Mzee Kibwana. "Hilo shamba unalolima wewe, balozi, ulipewa na nani?"

Balozi alitazama miguu yake. "Na mjomba," akasema.

Hapo Bi. Zena akasema mtoto akae, atakula naye kidogo alicho nacho, atalala naye. Kaka yake akaanza kumjibu, akamtazama Zaituni, kisha akaendelea kwa Kiluguru. Wazee wote wakahamia Kiluguru. Niliona wanachofanya na niliwaheshimu kwa hilo: hawakutaka maneno mazito yamfikie mtoto. Walibishana muda mrefu. Bi. Zena alipandisha sauti, akaishusha, akanyamaza. Zaituni alikuwa ameketi kando ya bibi yake, anachora vumbi kwa kijiti, hajainua macho hata mara moja.

Nami mjinga, niliyecheka naye Kiluguru treni nzima, nilikuja kulikumbuka hilo tulipokuwa tumeshaagana na kwenda kulala.

Asubuhi nilipotoka nje nilimkuta amekwisha kunawa. Alikuwa amevaa magauni yake yote mawili, moja juu ya jingine, na blanketi limekunjwa mapajani. Ameketi kwenye jiwe pale njia inapoanza kushuka.

"Dada, twende," aliniambia.

"Bibi anataka ukae."

"Bibi akifa, nyumba ni ya watoto wa dada yake. Watanitoa. Na nikiugua hakuna wa kunisemea. Babu amesema ni afadhali nirudishwe sasa wewe ukiwepo, kuliko nije kutolewa mtu wa serikali ameshaondoka." Aliyasema kama mtoto anayesoma darasani, bila kuruka kitu. "Bibi amesema ni kweli. Halafu akanyamaza."

Nilirudi ndani nikagomba. Najua sauti yangu ilipanda mbele ya wazee, na sijutii. Nilimwambia Mzee Kibwana mtoto amesikia kila neno. Mwanzi ulimponyoka mkononi. Alitoka, akachutama mbele ya Zaituni, akamwambia jambo kwa Kiluguru, na mtoto akamjibu vizuri, kwa heshima, na hakuinuka kwenye jiwe.

Bi. Zena hakushuka nasi. Alimshika Zaituni uso kwa mikono miwili, akautazama kwa muda, akaingia jikoni kwake na kufunga mlango. Mzee Kibwana ndiye aliyetusindikiza mpaka Mkuyuni, amebeba mkungu wa ndizi begani, mzee wa umri ule, na hakukubali nimpokee. Barabarani aliuweka chini.

"Mama yake angekuwa wa huku kwetu," alisema, "ningegombana na ukoo mzima nimpate. Nisamehe, mwanangu. Nikikudanganya leo, atakayelipa ni huyu."

Ningependa kumchukia. Ingekuwa safari rahisi zaidi.

Mjini Morogoro nilikwenda ofisi tatu. Ya kwanza walisema mtoto ni wa mkoa wa vita, si wao. Ya pili walisema nafasi hakuna. Ya tatu bwana mmoja mpole alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa nini hatukumpeleka kwa ndugu zake. Nilimshukuru, nikatoka. Zaituni alikuwa nje kwenye benchi, ameubeba mkungu wa ndizi kama mtoto mchanga.

Nilikwenda Uluguru nikiamini kwamba vita ndivyo vinavyowapotezea watu kwao, na kwamba kazi yangu ni kuwarudisha. Nilirudi nikijua kwamba mtu anaweza kuwa na ndugu pande zote mbili, wenye akili na huruma, kila mmoja akisema kweli kwa desturi ya kwao, na katikati ya kweli hizo mbili pakawa hakuna hata pa kuweka mkeka. Sijui nani wa kulaumiwa. Nimefanya kazi hii miaka mingine baada ya hapo, na bado sijui.

Treni ya kurudi iliondoka imejaa vilevile. Zaituni alipewa nafasi ya dirishani, akampisha mzee mmoja, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Nilijua ninampeleka kwenye hema, mahema machache kutoka kwa mjomba anayesema si wake. Tulipoupita mlima hakuinua kichwa.

Karibu na Dodoma aliingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Akajibana kando yetu, akapumua, akamtazama Zaituni, akatabasamu.

"Binti mzuri. Kwenu wapi?"

Zaituni alinitazama mimi. Alingoja, na yule mama naye akangoja.

"Tunakwenda Mwanza," nilisema.

"Nimeuliza kwao," alisema yule mama, "si mnakokwenda."

Zaituni akalikunjua blanketi, akajifunika mpaka kichwani, na jua la Dodoma lilikuwa linachoma.